Miji Sita Isiyo na Majina

Desemba iliyopita mpwa wangu alikuja likizo kutoka Toronto, na miongoni mwa mizigo yake mlikuwa na begi dogo ambalo halikuwa na zawadi ya mtu yeyote. Ndani yake alikuwa ameweka mashine nyeusi yenye ubao wa rangi ya mti usoni, fimbo fupi ya kuongozea yenye kitufe kimoja chekundu, na kaseti chache za plastiki zilizochubuka pembeni. Mashine yenyewe ni mpya, imeundwa kwa sura ya ile Atari 2600 iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1977, nayo inakubali kaseti zilezile za zamani. Baada ya chakula cha usiku aliiunganisha na runinga ya sebuleni, akachomeka kaseti iliyoandikwa Missile Command, akanikabidhi fimbo.

"Mjomba, leo utalinda miji," akasema.

Sikufika hata dakika tatu. Miji yangu yote sita iliangamia huku mpwa wangu akicheka kwa adabu, yaani kwa kufunika mdomo. Niliomba nirudie, nikaangamizwa tena. Mara ya nne ndipo nilipoanza kuona kwamba kilichokuwa mbele yangu hakikuwa mchezo wa watoto tu. Kilikuwa waraka wa kihistoria, na wenye utata kuliko nyaraka nyingi ninazowapa wanafunzi wangu waliozaliwa baada ya mwaka 2000, ambao kwao Vita Baridi ni orodha ya mikataba yenye vifupisho vya kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Naomba msomaji anivumilie ikiwa leo nitazungumzia fimbo na kitufe badala ya bajeti na katiba. Tutafika huko huko.

Nianze na kinachoonekana kwenye kioo. Chini kuna ukanda wa ardhi, na juu yake vimekaa vivuli sita vya miji, vitatu kila upande, na katikati kuna kituo kimoja cha kurushia makombora. Kutoka juu inashuka mistari myembamba, polepole mwanzoni. Kila mstari ni njia ya kombora la adui linaloelekea mji fulani. Mchezaji ana alama ndogo anayoisogeza angani kwa fimbo. Akibonyeza kitufe, kombora la kujikinga linapaa kutoka kituoni hadi mahali alama ilipo, linapasuka na kuacha wingu la moto linalotanuka kisha kusinyaa. Kombora la adui likigusa wingu hilo, limekwisha. Kwa hiyo humpigi adui pale alipo. Unapiga pale utakapokuwepo moto wako wakati yeye atakapopita. Anayechelewa kufikiri kwa nusu sekunde amepoteza mji.

Makombora ya kujikinga yana hesabu. Kila wimbi la mashambulizi mchezaji ana 30, kumi kituoni na mengine akibani. Kituo kikipigwa, yaliyomo ndani yake yanapotea. Wimbi likiisha, mashine inahesabu: kila kombora la adui lililozuiwa lilikuwa na alama 25, kila kombora la kujikinga lililobaki lina alama 5, na kila mji uliosalimika una alama 100. Nilipousoma utaratibu huo katika kijitabu cha maelekezo nilitulia kidogo. Mji mzima, pamoja na wote tunaodhani wanaishi humo, una thamani ya makombora manne ya adui. Na ukifikisha alama 10,000 unapewa mji mwingine, kana kwamba miji hutolewa ghalani.

Kuna jambo ambalo halimo katika kijitabu, ila mikono hulijifunza yenyewe. Kwa kuwa kituo ni kimoja na kiko katikati, kombora la kujikinga huchelewa kufika pembezoni. Kufikia jaribio la sita au la saba niligundua kwamba nimekwisha kuiacha miji miwili ya mwisho, ule wa kushoto kabisa na ule wa kulia kabisa. Sikuamua kuiacha. Sikufanya kikao. Nilijikuta tu nimeshailekeza akiba yangu kwenye miji minne ya kati, na ile ya pembezoni ilipolipuka sikuhisi hata kwamba nimeshindwa. Wasomaji wangu wanaotoka mikoa ya mbali na makao makuu hawatahitaji maelezo zaidi.

Mchezo huu haukuzaliwa sebuleni. Ulizaliwa katika kumbi za umma, zile zilizojaa mashine ndefu kama makabati ambazo vijana wa Marekani walizilisha sarafu za senti 25. Kampuni ya Atari iliutoa mwaka 1980, na mtunzi wake mkuu alikuwa Dave Theurer, akisaidiwa na Rich Adam. Mashine ile ya ukumbini ilikuwa na vituo vitatu vya kurushia makombora badala ya kimoja, vitufe vitatu, na badala ya fimbo ilikuwa na mpira mzito wa kuviringisha kwa kiganja. Theurer alipokabidhiwa wazo la mchezo wa makombora yanayoishambulia pwani ya California, aliweka sharti: mchezaji atajikinga tu, hatashambulia. Hakutaka kutengeneza mashine ya kumfundisha mtu kurusha bomu la nyuklia kwenye mji wa watu wengine.

Katika mipango ya mwanzo miji ile sita ilikuwa miji halisi ya California, kuanzia Eureka kaskazini hadi San Diego kusini. Jina la mwanzo la mchezo lilikuwa Armageddon, wakubwa wakalikataa. Majina ya miji nayo yaliondolewa kabla mashine haijaingia sokoni. Lakini mtunzi hakuhitaji majina ili ajue anachora nini. Makao ya Atari yalikuwa Sunnyvale, mji huohuo ambamo kampuni ya Lockheed iliunda makombora ya Polaris ya kurushwa kutoka kwenye nyambizi. Mtu aliyekaa pale akitunga mchezo wa vita vya nyuklia alijua kwamba, vita vikija, jirani yake atakuwa miongoni mwa shabaha za kwanza. Theurer ameeleza mara kadhaa kwamba kazi ile ilimletea jinamizi: aliota yuko milimani juu ya bonde lile anatazama mistari ya makombora ikishuka, akijua kwamba muda si mrefu mlipuko utamfikia na yeye.

Tukumbuke ulikuwa wakati gani. Tarehe 9 Novemba 1979 kompyuta za kamandi ya ulinzi wa anga ya Amerika Kaskazini zilionyesha kwamba Wasovieti wamerusha makombora kwa wingi. Baadaye ikabainika kwamba data za mazoezi zilikuwa zimeingizwa katika mfumo wa kazi halisi. Desemba ya mwaka huo NATO iliamua kupeleka makombora mapya Ulaya Magharibi, na kabla mwezi haujaisha majeshi ya Kisovieti yakaingia Afghanistan. Tarehe 3 Juni 1980 kengele ya uongo ikalia tena, safari hii kwa sababu ya kipande kibovu cha kielektroniki ambacho bei yake haikufika dola moja. Kijana aliyeviringisha mpira ule mwaka 1980 hakuhitaji kuambiwa mistari ile inatoka nchi gani.

Na mashine haikumpa njia ya kushinda. Hili ndilo jambo ninalotaka tulishike. Hakuna wimbi la mwisho ambalo ukilivuka unatunukiwa amani. Mistari inaongezeka kasi, kombora moja linagawanyika angani na kuwa kadhaa, vinakuja vilipuzi vinavyokwepa moto wako, na siku zote mwisho ni mmoja. Michezo mingine ya kumbini ilipokwisha ilimwambia mchezaji kwa Kiingereza kwamba mchezo umekwisha, yaani tia sarafu nyingine. Mashine ya Theurer haikusema hivyo. Mlipuko ulitanda kiooni, na ndani yake yakatokea maneno mawili yenye maana ya "mwisho". Mchezo haukutajwa. Uliokwisha ulikuwa kitu kingine.

Ukweli ulikuwa mchungu kuliko mchezo, kwa sababu mwaka 1980 Marekani haikuwa na kinga yoyote ya aina ile. Mkataba wa mwaka 1972 kati yake na Umoja wa Kisovieti uliweka mpaka wa vituo viwili vya kuzuia makombora kwa kila upande, na itifaki ya mwaka 1974 ikavipunguza kuwa kimoja. Wamarekani walijenga cha kwao Nekoma, katika jimbo la North Dakota, kikaanza kazi kamili Oktoba 1975, na Februari 1976 kikafungwa. Fedha nyingi, miezi michache. Hoja ya wapinzani wake ilikuwa nyepesi kueleweka: adui akirusha kombora moja linalogawanyika kuwa mengi, mlinzi atamaliza akiba yake kabla adui hajamaliza ya kwake, na rada zenyewe ndizo zitakazopigwa mwanzo. Ukitaka kuielewa hoja hiyo bila kusoma kumbukumbu za bunge lao, cheza Missile Command kwa dakika kumi. Mimi nimeisoma na nimeicheza, na nakiri kwamba kuicheza kulinifundisha haraka zaidi.

Sasa turudi sebuleni. Mwaka 1981 Atari ilitoa toleo la nyumbani, lile lililokuwamo katika begi la mpwa wangu. Aliyelitunga ni Rob Fulop, na kazi yake inastahili heshima ambayo hatuwapi kwa kawaida watu wanaonakili kazi za wengine. Mashine ya Atari 2600 ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya baiti 128. Kwa anayetaka kipimo: ujumbe mmoja wa kawaida wa simu, ule wa herufi 160, hauwezi kuenea humo. Ilikuwa imeundwa ichore vitu vichache sana vinavyotembea kwa wakati mmoja, kwa sababu walioiunda walifikiria michezo kama ule wa tenisi wa Pong na mapigano ya vifaru viwili. Kuingiza mvua ya makombora, miji sita na mawingu ya moto katika chombo kile kulikuwa sawa na kumtaka fundi cherehani ashone kanzu kwa kitambaa cha leso. Vituo vitatu vikawa kimoja, jambo ambalo mimi naliona la lazima: fimbo ina kitufe kimoja. Sauti zilibadilika, ardhi ikawa ya matofali, mpira mzito wa kiganja ukaondoka. Hata hivyo hofu ilibaki. Fulop alijua ni kipi kisichoweza kukatwa, nacho ni ule upungufu, kwamba makombora yako ni machache kuliko yanayokuja.

Lakini kuna kitu kingine kilichobadilika njiani kati ya ukumbi na sebule, na hicho hakikusababishwa na udogo wa mashine. Mpwa wangu alikuwa na kijitabu cha maelekezo, nami, kwa tabia ya kazi yangu, nilikisoma baada ya kushindwa. Kinaeleza kwamba tuko kwenye sayari iitwayo Zardon, ya mwisho miongoni mwa sayari zenye amani. Wakazi wake ni wachapakazi na wenye ustadi, miji yao ina utajiri wa rasilimali, hawajui uhalifu wala ghasia. Wanashambuliwa na watu wa sayari ya Krytol, ambao ni wapiganaji na wanachotaka ni kuiteka Zardon. Basi.

Nilimsomea mpwa wangu. "Zardon ndiyo wapi?" nikamuuliza.

"Mjomba, kwani kuna mtu anasoma kile kijitabu?"

Jibu zuri, na nitalirudia baadaye. Kwanza tutazame kilichofanyika. Mistari ni ileile, miji ni sita vilevile, hesabu ya alama haikubadilika. Hakuna baiti hata moja iliyookolewa kwa kuandika Zardon badala ya California au badala ya kunyamaza. Karatasi haina tatizo la kumbukumbu. Kwa hiyo hapa hatuwezi kumsingizia fundi wala kitambaa. Huu ulikuwa uamuzi wa aina nyingine, uamuzi wa kampuni inayouza bidhaa kwa wazazi. Naelewa sababu yake, wala sitaki kujifanya mtakatifu: mama anayemnunulia mwanawe zawadi ya Krismasi hatachukua sanduku linalomwambia kwamba ndani yake Los Angeles inateketea na haiwezi kuokolewa. Ukumbini kijana alikwenda kwa miguu yake na senti zake, akasimama miongoni mwa wageni waliotazama juu ya bega lake. Nyumbani mashine inaingia penye kochi na picha za harusi. Lazima ivuliwe viatu mlangoni.

Hata hivyo ukimya na uongo si kitu kimoja. Toleo la ukumbini lilinyamaza. Liliondoa majina ya miji, likamwacha kila mtu ajaze pengo kwa kile alichokisikia kwenye taarifa ya habari ya usiku ule. Toleo la nyumbani lilijaza pengo hilo kwa ngano. Na angalieni ni ngano ya aina gani. Upande mmoja uko watu wasio na kosa, wasio na siasa, wasio na silaha zozote isipokuwa za kujikinga. Upande mwingine ni watu ambao uovu ndiyo kazi yao. Hakuna historia kabla ya kombora la kwanza. Hakuna mazungumzo yaliyovunjika, hakuna mkataba, hakuna aliyemtishia mwenzake kwanza. Theurer alikuwa amemnyima mchezaji uwezo wa kushambulia kwa sababu alijua kwamba katika vita vya nyuklia wote wawili wanashambulia. Kijitabu kikachukua sharti lile la dhamiri na kuligeuza kuwa cheti cha usafi. Wale maneno mawili ya "mwisho" nayo hayapo katika toleo la nyumbani.

Neno "ulinzi" lina mazoea ya kufanyiwa hivi. Wizara ya Vita ya Marekani ilivunjwa mwaka 1947, na kuanzia mwaka 1949 chombo kilichochukua nafasi yake kikaitwa cha Ulinzi, bila majeshi yake kupungukiwa na uwezo wa kwenda mbali. Tarehe 8 Machi 1983 Rais Reagan, akiwahutubia wanafunzi karibu na Orlando, aliisifu michezo ya video kwamba inawapa vijana wepesi wa jicho, mkono na akili utakaowafaa kama marubani. Siku hiyohiyo, katika mji huohuo, aliwaambia viongozi wa dini kwamba Umoja wa Kisovieti ni dola la uovu. Wiki mbili baadaye, tarehe 23 Machi, alitangaza mpango wa kuyazuia makombora ya nyuklia yakiwa njiani. Sisemi kwamba rais yule alipata sera yake kutoka kwenye kaseti. Nasema kwamba kaya zilizokuwa zimeinunua kaseti ile, na ziliuzwa zaidi ya milioni 2, zilikuwa zimekwisha kuzoea sura ya hoja: kuna sayari yenye amani, kuna Krytol, na wokovu wetu ni kulenga vizuri. Waliocheza kwa makini wangeweza kumkumbusha kwamba hatimaye miji yote huanguka.

Jeshi lenyewe halikusubiri sera. Mchezo mwingine wa Atari wa mwaka 1980, Battlezone wa vifaru, uliwavutia watu wa jeshi, wakataka toleo maalumu la kuwafundishia wapiga mizinga wa magari ya Bradley. Mtunzi wake, Ed Rotberg, alipinga. Akalazimika kuifanya, kwa sharti kwamba asipewe tena kazi ya kijeshi. Wawili hawa, Theurer na Rotberg, walikuwa waajiriwa wa kawaida wenye mshahara. Hawakuandamana wala hawakuandika ilani. Waliweka masharti kazini, kila mmoja lake. Nawataja kwa ajili ya wasomaji wangu walioko maofisini ambao huniandikia wakisema kwamba mtumishi hana nafasi ya dhamiri kati ya maagizo ya juu na meza yake.

Naomba nitoke kidogo nje ya California, kwa sababu kuna mmoja ataniuliza: haya yanatuhusu nini sisi? Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya Marekani, likiwamo la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Shehena ya tani zaidi ya 1,000 ilikuwa imekwisha kuhifadhiwa New York tangu mwaka 1940 na mkuu wa kampuni ya madini ya Kibelgiji, Edgar Sengier, kabla Wamarekani wenyewe hawajaiuliza. Kiswahili kilikuwa lugha ya wafanyakazi katika migodi ya Katanga. Maana yake ni kwamba kuna watu waliolichimba jiwe lile wakizungumza lugha hii ninayoandikia, pasipo kuambiwa ni jiwe la nini. Wao pia walipewa hadithi ya kijitabu, au hawakupewa hadithi kabisa. Ndiyo maana huwa sikubali mtu anaponiambia kwamba Vita Baridi vilikuwa ugomvi wa wengine uliotupitia juu kama ndege.

Sasa lile jibu la mpwa wangu, kwamba hakuna anayesoma kijitabu. Nimelifikiria siku nyingi, na naona alikuwa na haki nusu. Katika somo la sheria tunafundishwa kwamba dibaji inapamba, vifungu vinatenda kazi. Anayetaka kujua sheria itamfanya nini raia asome vifungu. Mchezo nao una dibaji yake, ambayo ni kijitabu, na una vifungu vyake, ambavyo ni kanuni zilizomo ndani ya kaseti. Dibaji ilisema Zardon ina amani. Vifungu vilisema: akiba yako ni 30, mji ni 100, hakuna ushindi. Mtoto wa mwaka 1981 ambaye hakusoma kijitabu alikuwa anazisoma kanuni kwa kidole gumba, na kanuni hazikudanganya. Fulop alizihamisha zikiwa kamili kutoka ukumbini. Kwa hiyo kaseti ile ilikuwa inabishana na sanduku lake yenyewe, na sidhani kama kampuni ilijua.

Nusu aliyokosea ni hii: mtu anaweza kuzijua kanuni kwa kidole na bado akazungumza kwa maneno ya dibaji, kwa kuwa dibaji ndiyo iliyompa maneno. Wanafunzi wangu wanajua kwa maisha yao jinsi fedha za umma zinavyofika au zisivyofika kwenye zahanati za vijijini kwao. Ukiwapa karatasi ya mtihani wanaandika "maendeleo jumuishi". Siwalaumu. Karatasi ilikuwa na nafasi hiyo, wakaijaza.

Fulop mwenyewe alilipwaje? Wakati ule Atari haikuandika majina ya watunzi kwenye masanduku ya michezo ya nyumbani. Mwaka 1979 watunzi wake wanne walikuwa wamekwisha kuondoka kwa sababu ya jina na malipo, wakashiriki kuanzisha kampuni ya Activision. Fulop ameeleza kwamba, baada ya kazi ile iliyouzwa kwa mamilioni, bakshishi yake ya Krismasi ilikuwa hati ya kuchukua bata mzinga mmoja dukani bila malipo. Mwaka 1981 naye akaondoka, akawa miongoni mwa walioanzisha kampuni ya Imagic. Katika hesabu ya mchezo, mji una alama 100. Katika hesabu ya kampuni, mtu aliyeichora miji hiyo alikuwa na thamani ya ndege mmoja wa mezani.

Ila hakuondoka bila kuacha alama. Mpwa wangu, ambaye hakusoma kijitabu, alikuwa anajua jambo ambalo kijitabu hakilisemi, kama vijana wanavyojua mambo hayo. Usiku wa mwisho kabla ya safari yake alichagua mchezo wa 13 katika orodha ya mashine. "Sasa, mjomba, usilinde," akaniambia. "Yarushe makombora yote pasipo na kitu. Usipate hata alama moja."

Ni vigumu kuliko inavyosikika. Mkono uliofundishwa kwa wiki mbili kukimbilia kila mstari unakataa kutazama tu. Mara ya kwanza wingu langu moja liligusa kombora la adui kwa bahati mbaya, tukapata alama 25, tukalazimika kuanza upya. Mara ya pili nililenga pembe tupu ya anga, nikarusha, nikarusha, hadi akiba ikaisha. Kisha nikaiweka fimbo juu ya meza ya kahawa na tukakaa kimya kuitazama mistari ikishuka, mmoja baada ya mwingine, kwenye miji niliyokuwa nimekwisha kuipenda kijinga. Ilipokwisha kuteketea, upande wa kulia, pale palipokuwa na mji, palisimama herufi mbili ndogo: R na F.